Kupunguza Matiti: Bei Unayotajiwa na Bei Unayolipa

Ukipiga simu hospitali kuuliza upasuaji wa kupunguza matiti ni shilingi ngapi, utatajiwa tarakimu moja. Si ya uongo, ila haijatimia. Mara nyingi ni ujira wa daktari na chumba cha upasuaji tu. Daktari wa usingizi ana bili yake, kitanda kina yake, maabara ina yake, na zile wiki utakazokaa nyumbani bila kuinua ndoo ya maji hakuna aliyezihesabu. Anayelinganisha hospitali kwa tarakimu hiyo ya kwenye simu atachagua vibaya, hata kama ana fedha za kutosha.

Wengi wanaoulizia upasuaji huu hawatafuti urembo. Shingo na mgongo vinauma, mikanda ya sidiria imechimba mifereji mabegani, na chini ya matiti ngozi inachubuka na kuota fangasi kila joto linapozidi. Kabla ya kisu, wengine huambiwa wapunguze mwili, wafanye mazoezi ya viungo au wanunue sidiria nzuri. Sidiria ni ya kuanzia kwa sababu ni rahisi: kipimo kinachobeba uzito ni ule mkanda wa kifuani, na wanawake wengi huvaa mkanda mpana mno kisha wakakaza mabegani. Kupungua mwili husaidia pale titi lilipojaa mafuta. Lililojaa tezi halitikisiki. Hata hivyo, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulilinganisha waliopasuliwa na waliotegemea sidiria, mazoezi na kupunguza uzito, ukaona nafuu ya kudumu ilikuwa upande wa upasuaji. Krimu na vidonge vya kupunguza matiti vinavyouzwa mitandaoni usivihesabu hata kama chaguo. Hela hiyo weka kwenye nauli ya kwenda kumwona bingwa.

Bingwa huyo ni wa upasuaji rekebishi, na mazungumzo naye yaanze na makovu. Hakuna njia ya kupunguza titi kubwa isiyoacha kovu. Njia ya kawaida kwa matiti makubwa huacha kovu lenye umbo la nanga: linazunguka chuchu, linashuka wima, kisha linalala kwenye mkunjo wa chini. Ya pili huishia kwenye mstari wima, bila ule wa mlalo, na inafaa zaidi kwa anayepunguza kiasi cha wastani. Ya tatu ni kunyonya mafuta kwa mrija. Makovu yake ni vitundu tu, lakini haiinui titi lililolala na haiondoi tezi, kwa hiyo mwenye matiti mazito yaliyoshuka akiuziwa hii kwa sababu ni nafuu, amenunua kitu kisichomfaa. Kuna na njia ya matiti makubwa kupita kiasi, ambapo chuchu huondolewa kabisa na kupandikizwa upya kama kipande cha ngozi. Baada ya hapo hisia ya chuchu hupotea na kunyonyesha hakupo tena. Njia zinazoiacha chuchu ikiwa imeshikamana na tishu zake huacha matumaini ya kunyonyesha, ila hakuna daktari mkweli atakayekuahidi.

Kwa ngozi zetu, ulizia keloidi mapema. Kifua ni mojawapo ya sehemu zinazopenda kuota makovu manene, hasa karibu na katikati. Kama sikio lilivimba ulipotoboa, au mshono wa uzazi uliota nundu, sema siku ya kwanza. Sindano za kovu na plasta za silikoni hutumika kwa miezi, na hizo hazimo kwenye bei ya simu.

Mvutaji ataambiwa aache wiki nne au zaidi kabla ya upasuaji na aendelee kujizuia baada yake. Shisha nayo ni uvutaji, maana nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na chuchu iliyokosa damu hufa. Sukari isiyodhibitiwa na unene mkubwa huchelewesha vidonda kufunga, ndiyo maana madaktari wengi huweka kikomo cha uzito. Taja dawa zote unazotumia, aspirini na mitishamba ikiwemo. Aliyefikisha miaka 40 kwa kawaida hupigwa mamografia kwanza. Nyama inayokatwa nayo inapaswa kwenda maabara ya patholojia, kwa kuwa mara chache saratani iliyojificha hugunduliwa humo. Hospitali ikikuuliza kama ungependa kipimo hicho kiondolewe ili bili ishuke, kataa.

Upasuaji wenyewe huchukua kama saa mbili hadi nne, ukiwa umelala kwa nusukaputi. Wengine huruhusiwa siku hiyohiyo, wengine hulala usiku mmoja au miwili, baadhi wakiwa na mirija ya kutoa majimaji. Kazi ya mezani unaweza kuirudia baada ya wiki moja au mbili. Kubeba mtoto, kufua, kusonga ugali wa watu wengi, kuinua mzigo sokoni: wiki sita. Mama lishe au mkulima anayelinganisha gharama na aanzie hapo, kwa kuwa kipato cha wiki sita kinaweza kuzidi tofauti ya bei baina ya hospitali mbili anazozipigia hesabu. Na kama nyumbani hakuna dada, mama au shangazi wa kushika jiko, kuna mtu wa kulipwa. Uvimbe hushuka taratibu kwa miezi kadhaa, kwa hiyo usikimbilie kununua sidiria mpya za bei. Kovu huchukua mwaka na zaidi kutulia.

Sasa, wapi? Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila limekuwa likitoa upasuaji rekebishi na wa urembo tangu 2023, kupunguza matiti kukiwemo. Nairobi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina kitengo chake cha upasuaji rekebishi, na miji yote miwili ina hospitali binafsi zenye mabingwa. Kwenye hospitali ya umma unalipa kwa kusubiri: majeruhi wa moto na ajali hutangulizwa, na ni haki yao. Kwenye binafsi unalipa kwa fedha, ila unaweza kupanga tarehe na kuomba likizo kwa uhakika.

Kwa ndugu zetu walio Uingereza, tovuti ya NHS, huduma ya afya ya umma ya huko, imekuwa ikitaja kama pauni 6,500 kwa hospitali binafsi, bila gharama za kumwona daktari kabla na baada. NHS yenyewe hulipia kwa nadra, tena kwa masharti yanayotofautiana eneo hadi eneo. Ndipo wengi wanapoitazama Istanbul, kama wa huku kwetu wanavyoitazama India. Bei hushuka kweli. Kifurushi kina hoteli, gari la uwanja wa ndege, hata mkalimani. Kisichokuwemo ni wiki ya pili na ya tatu, na huo ndio wakati ambapo mshono wa nanga hupenda kuachia, pale mstari wima unapokutana na wa mlalo. Kwa kawaida ni kidonda kidogo kinachohitaji kusafishwa na kufungwa hadi kipone, lakini lazima awepo wa kukitazama. NHS hushauri kusubiri siku 5 hadi 7 kabla ya kupanda ndege baada ya upasuaji wa matiti, kwa sababu ya hatari ya damu kuganda miguuni. Jumlisha basi hoteli ya wiki nzima, tiketi ya msindikizaji na viza, kisha bili ya daktari wa nyumbani atakayeombwa kushika kazi asiyoianza yeye. Nikipewa hiari kati ya kifurushi cha ng'ambo na bingwa anayenigharimu zaidi lakini ninayemfikia kwa daladala, wa daladala ndiye wangu.

Bima ni mlima mwingine. Bima nyingi huweka upasuaji wa urembo kwenye orodha ya yasiyolipiwa, na karani anaposoma neno "matiti" huwa ameshakata shauri. Kinachoweza kumgeuza ni karatasi: maelezo ya daktari kuhusu maumivu, rekodi za mazoezi ya viungo, matibabu ya fangasi yaliyorudiwa, picha za mabega. Omba kibali cha awali kwa maandishi kabla ya kulazwa. Marekani wameligeuza hili kuwa hesabu. Baadhi ya kampuni za bima hutumia jedwali la Schnur la mwaka 1991, linalolinganisha ukubwa wa mwili na gramu zitakazokatwa. Mwanamke mwenye eneo la mwili la mita za mraba 1.70 hutakiwa kuondolewa gramu 370 kila upande ndipo ahesabiwe mgonjwa. Ni kipimo kikavu kwa mtu mwenye mgongo unaowaka, ila angalau anajua anashindana na nini.

Hospitali utakayoichagua ikupe makadirio kwa maandishi, yakionyesha daktari, usingizi, chumba, kitanda, dawa, maabara, sidiria ya kubana na kliniki za marudio ni ngapi. Uliza nani atalipa ukirudishwa chumba cha upasuaji kwa sababu damu imejikusanya ndani, jambo linalotokea ingawa si mara nyingi. Uliza pia nani hasa atashika kisu, kisha jina lake ulitafute kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika, au ya baraza la Kenya, KMPDC. Kwa Kenya, hakiki na kituo chenyewe. Mwaka 2024 kliniki moja ya urembo Nairobi ilifungwa baada ya mteja kufariki kufuatia upasuaji wa kunyonya mafuta. Jengo la vioo na picha za kabla na baada si leseni.

Anayepanga kuzaa karibuni, au aliye katikati ya kupunguza mwili, kwa kawaida hushauriwa asubiri, maana titi litabadilika tena na fedha itakuwa imeshatoka. Na kwa wa pwani, ukiachiwa uchague mwezi, omba Juni au Julai. Sidiria ya kubana huvaliwa usiku na mchana kwa wiki kadhaa, na kuivaa katika joto la Februari la Dar au Mombasa, juu ya mshono mbichi, ni adhabu ambayo haimo kwenye makadirio ya hospitali yoyote.