Historia ya Wazee Wetu Shuleni: Dawa au Sumu?

Iga Barrière ni mji mdogo wa Ituri, katika nchi ya Djugu, kando ya barabara itokayo Bunia kwenda kaskazini. Katika darasa moja la huko aweza kukaa mtoto wa Kihema na mtoto wa Kilendu, pamoja na Mualur au Mbira. Mwalimu awafundishe nini juu ya wazee wao?

Swali hili si la mchezo. Vita vya miaka 1999 mpaka 2003 viliua maelfu ya watu katika Ituri. Desemba 2017 mauaji yalianza tena Djugu, na wengi wakavuka Ziwa Albert kukimbilia Uganda. Kila upande una masimulizi yake ya uchungu. Ndiyo maana wako wasemao: afadhali mwalimu anyamaze.

Lakini mwalimu akinyamaza, mtoto atafundishwa na mwingine, mwenye hasira, asiyetaka kusikia habari za jirani. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa huko The Hague ilimhukumu Thomas Lubanga kwa kuwaingiza vitani watoto wasiotimiza miaka 15. Watoto hao mahali pao palikuwa shuleni.

Hata ng'ambo wameshindana juu ya jambo hili. Katika mji wa Tucson, Marekani, shule zilifundisha historia na desturi za watu wa asili ya Mexico. Mwaka 2010 jimbo la Arizona lilitunga sheria ya kuzuia masomo ya namna hiyo, wakubwa wakidai kwamba yanapanda chuki. Mwaka 2012 yakaondolewa. Mwaka 2017 hakimu aliamua ya kuwa ubaguzi ndio uliowasukuma wakubwa hao.

Basi mwalimu wa Ituri aanze na mambo yaliyo wazi. Wahema wa kaskazini, waitwao Wagegere, husema Kilendu: hasimu hao humwita mama kwa lugha moja! Aeleze habari za dhahabu ya Kilo, iliyogunduliwa mwaka 1903. Aeleze jinsi serikali ya Wabelgiji ilivyowapendelea Wahema kwa elimu na vyeo, na jinsi sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilivyozidisha magomvi ya mashamba. Mtoto akizijua sababu hizi, hatasadiki tena kwamba jirani yake alizaliwa adui.

Kisha awatume wanafunzi kuwauliza babu na bibi: zamani makabila yalioanaje? Yalipatanaje baada ya ugomvi? Majibu ya kila nyumba yasomwe mbele ya wote. Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 yakubali lugha za wenyeji darasani. Mlango u wazi.

Nanyi wazazi, msimwachie mwalimu mzigo huu peke yake. Mtoto akiuliza jioni, mwambieni mema ya kabila lenu, wala msimfiche mabaya yake.