Mapumziko ya Pwani kwa Mgeni Alalaye Kariakoo

Mtu anayepanga mapumziko ya ufukweni akiwa amefikia kwenye nyumba ya wageni ya Kariakoo au katikati ya Dar es Salaam huanza kwa kuulizia bei ya chumba na nauli, ilhali jambo litakaloamua kama ataogelea au atakanyaga miamba mikavu ni umri wa mwezi siku atakayofika pwani.

Bahari hapa hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa takriban saa 24 na dakika 50, hivyo kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, mvutano wake huungana na wa jua na kuleta bamvua, yaani kipindi ambacho maji hujaa sana na kutoka mbali sana, na tofauti ya kimo kati ya kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na huwa yametoka kabisa karibu saa nne asubuhi, wakati uleule ambao wageni wengi huteremka Coco Beach wakiwa na taulo begani. Juma moja baadaye huja maji mafu, ambapo tofauti hiyo hupungua sana na maji hujaa asubuhi iliyokwisha kuchangamka. Kwa kuwa kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi, tarehe 1 na 15 huangukia kwenye bamvua, na tarehe 8 na 22 kwenye maji mafu, kwa kuzidi au kupungua siku moja au mbili. Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Hijria yatosha kabisa kupangia safari.

Majira nayo yana uzito. Kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi, huja na joto kali. Kusi huvuma kwa nguvu Juni hadi Agosti, hali ya hewa ikawa ya kupendeza lakini mashua zikayumba. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hufurikisha bonde la Jangwani na kushusha uchafu wa Mto Msimbazi hadi baharini upande wa Upanga, na kuogelea karibu na mdomo wa mto huo siku za mvua ni hatari kwa afya.

Asubuhi za bamvua basi zitengewe mji wenyewe, ambao nao ulizaliwa kwa ajili ya maji. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliichagua bandari hii karibu na kijiji cha Mzizima kwa sababu mlango wake mwembamba huikinga dhidi ya mawimbi, na Boma la Kale la enzi zake bado limesimama kando ya bandari. Majid alifariki mwaka 1870 na ujenzi ukadorora, hadi Wajerumani walipohamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Anayetembea kutoka Kariakoo, palipokuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hupita Mnazi Mmoja, uwanda ulioachwa wazi na wakoloni ili kutenga makazi ya Waafrika na mitaa ya Wahindi na Wazungu, na uwanda huo wastahili kutazamwa kwa makini kuliko minara ya makanisa yaliyo mbele yake. Matembezi hayo huishia Feri, penye soko la samaki, na hapo pantoni huvusha watu kwenda Kigamboni, ambako fukwe za Mjimwema zina mchanga mpana.

Visiwa vya Bongoyo na Mbudya, vilivyo katika hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1975, viwekewe siku za maji mafu. Mashua za Bongoyo huondokea Msasani, na za Mbudya huondokea upande wa Kunduchi. Ada ya hifadhi iulizwe kabla ya kupanda, na matumbawe, ambayo uvuvi wa baruti umeyaumiza kwa miaka mingi, yasikanyagwe hata kidogo.