Tiba ya Nafsi na Mkosaji Anayerudia Kosa

Mtu aliyefungwa Songea kwa wizi, akatoka, kisha akakamatwa tena kwa kosa lile lile, huitwa mwizi sugu. Jina hilo lina hukumu ndani yake. Sugu ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa, wala hailainiki kwa maneno. Basi atumiaye neno hilo amekwisha kujibu swali lililofaa kuulizwa kwanza: je, nafsi ya mtu huyo yaweza kutengenezwa?

Tanganyika ilipata kulijibu kwa hofu. Sheria ya Adhabu za Chini ya 1963 iliagiza, kwa makosa kadhaa, kifungo pamoja na viboko 24, yaani 12 mfungwa aingiapo na 12 kabla hajatoka. Sheria ya 1972 ikashika mahali pake. Zanzibar ilipita njia nyingine, ikaliita gereza chuo cha mafunzo.

Tiba ya nafsi si mawaidha, wala si dawa ya wazimu. Wagonjwa wa akili waliotenda makosa hupelekwa Isanga, Dodoma. Mwizi wa kurudia kwa kawaida ni mzima. Tiba itumikayo zaidi humwongoza alitambue wazo litangulialo tendo, kama vile “mali hii haina mwenyewe” au “nimetukanwa, sina budi kupiga”, alipime, kisha ajizoeze kulijibu kwa namna nyingine.

Je, yafaa? Katika 1974 Robert Martinson wa Marekani aliandika maneno yaliyowavunja wengi moyo, kwamba karibu hakuna kitu kinachofaulu. Katika 1979 mwenyewe akayapunguza. Landenberger na Lipsey walipokusanya uchunguzi 58 katika 2005, waliona kwamba pale ambapo watu 40 katika 100 wangalirudia kosa, tiba hiyo iliwapunguza hadi kama 30. Lakini mkusanyo wa 2021, wa majaribio 29 yenye wafungwa zaidi ya 9,000, ulionyesha faida ambayo ilififia majaribio madogo yalipoondolewa. Faida ipo, ila ni ndogo, na wataalamu hao walisisitiza kwamba tiba isikatike mfungwa anapotoka.

Majaribio hayo mengi ni ya Ulaya na Marekani. Kuyaleta Songea ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya mganga. Maswali ya kupima nafsi huuliza juu ya mtu atendaye kabla ya kufikiri. Mfasiri akiandika tamaa, mfungwa atajibu juu ya fedha. Neno lifaalo ni pupa, kwani tamaa hukaa siku nyingi na pupa ni ya dakika moja. Vivyo hivyo “unajuta?” yaweza kujibiwa “ndiyo” na mtu ajutiaye kukamatwa tu. Tena Mmatengo au Mngoni aliyesomewa mashtaka kwa Kiswahili huenda akawa na maneno ya aibu na hasira katika lugha ya mama yake, ambayo hakuna aliyemwuliza.

Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 huiruhusu mahakama, kwa kifungo kisichozidi miaka 3, kumpa mkosaji kazi badala ya gereza, naye akalala kwake. Hapo mshauri aweza kuketi naye, pamoja na mkewe na mjomba wake, katika lugha ya nyumba ile.