Wanaolipa Kufundishwa Kukimbiza Gari

Mwaka 1967, kwenye uwanja wa mbio wa Watkins Glen katika jimbo la New York, kiungo cha usukani wa gari la Bob Bondurant kilikatika gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 240 hivi kwa saa. Gari lilitoka njiani na kubiringika, na Bondurant akatolewa akiwa amevunjika miguu na mbavu. Hakuwa dereva wa kubahatisha. Mwaka 1964 yeye na Dan Gurney walishinda daraja la magari ya GT katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, na alikuwa amemnoa mwigizaji James Garner kwa ajili ya filamu ya Grand Prix. Sasa alikuwa kitandani, madaktari hawana hakika kama atatembea tena sawasawa, naye akawa anapanga shule. Ilifunguliwa kusini mwa California mwaka 1968, na mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa mwigizaji Paul Newman.

Shule hiyo ya kufundisha ufundi wa udereva ilizaliwa na ajali ambayo ufundi haungeweza kuizuia. Chuma kilikatika, basi. Hata angekuwa nani pale nyuma ya usukani, gari lingekwenda lilikotaka. Jambo hilo linafaa kukumbukwa na yeyote anayetoa fedha zake kusomea mwendo kasi, maana swali la ufundi unaweza nini na hauwezi nini limezikalia shule hizi tangu siku ya kwanza.

Waingereza walitangulia, kwani Jim Russell alifungua shule yake kwenye uwanja wa Snetterton mwaka 1957, ila hiyo ililenga zaidi vijana waliotaka kuwa madereva wa mashindano. Biashara ya leo inamtazama mtu mwingine kabisa: mwenye gari la spoti ambaye hana nia ya kushindana na yeyote. Mfano mzuri uko Pahrump, mji mdogo wa jangwani katika jimbo la Nevada, upande wa magharibi wa Las Vegas. Pale ipo shule yenye jina la Ron Fellows, Mkanada aliyeshinda daraja lake Le Mans mwaka 2001 na 2002 akiendesha Corvette. Chevrolet imekuwa ikilipia sehemu kubwa ya ada ya mnunuzi wa Corvette mpya anayekwenda kusoma huko siku mbili. Ukarimu huo una sababu. Corvette ya kawaida kabisa ya kizazi hiki, ambayo injini yake iko nyuma ya viti, ina nguvu farasi 490 na yenye vifaa vya uwanjani hutoka kwenye kusimama hadi kilomita 96 kwa saa ndani ya sekunde 3 hivi. Miaka 40 iliyopita mashine ya namna hiyo ilikuwa ya watu wachache waliozoea uwanja. Leo anaichukua mtu ambaye jana yake alikuwa akiendesha gari la kupeleka watoto shule.

Somo la kwanza huwavunja moyo wengi, kwa sababu ni somo la kukaa. Mgongo na makalio vigandane na kiti, na mkono ukinyooshwa, kifundo kifike juu ya usukani bila bega kuachana na kiti. Nyuma ya amri hiyo kuna fiziolojia. Mabadiliko ya mwendo wa gari huhisiwa na viungo vya sikio la ndani na kwa mgandamizo wa ngozi na misuli ya nyonga na mgongo. Mkia wa gari unapoanza kuteleza, habari hiyo hupita kwenye kiti kabla macho hayajaona kitu. Dereva aliyeuning’inia usukani ili asianguke upande kwenye kona, mikono yake ina kazi mbili, na mgongo wake hausikii chochote.

Kisha macho. Kila mkufunzi duniani hupiga kelele moja: tazama mbali, tazama unakotaka kwenda. Ningedhani ni maneno ya uwanjani tu, kama wanasayansi wasingelipima jambo lenyewe. Mwaka 1994 Michael Land na David Lee walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya macho ya madereva kwenye barabara yenye kona nyingi, wakaonyesha kwamba sekunde moja au mbili kabla ya kuingia kona, macho hutua pale ambapo ukingo wa ndani wa barabara unaonekana kupinda. Mwelekeo wa jicho kuelekea hapo unatosha kuuambia ubongo kona ni kali kiasi gani. Miaka 7 baadaye Land na Benjamin Tatler walimpima dereva wa mashindano, Tomas Scheckter wa Afrika Kusini, kwenye uwanja wa Mallory Park nchini Uingereza. Yeye alikuwa akigeuza kichwa kizima, na mgeuko wa kichwa ulitangulia mgeuko wa gari kwa sekunde moja hivi. Kichwa chake kilikuwa kinapiga hesabu ya kona ambayo gari lilikuwa bado halijaifikia. Anayeanza hutazama koni iliyo mbele ya bampa, na kwa kawaida huigonga.

Lakini kiini cha shule yote kimo kwenye tairi. Gari zima, tani moja na nusu na zaidi, limeegemea lami kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kama kiganja cha mkono kwa ukubwa. Kuongeza mwendo, kufunga breki na kukata kona, vyote vinapita kwenye viganja hivyo, na mshiko wao una kikomo. Ni kama mshahara: unachokitumia huku hukipati kule. Ila hesabu yake ni ya huruma kuliko ya mshahara. Tuseme tairi lina mshiko wa 10. Ukitumia 8 kukata kona, kilichobaki kwa ajili ya breki si 2, ni 6, kwa sababu nguvu hizo mbili ziko kwenye pembe ya digrii 90 na hujumlishwa kwa kanuni ya Pythagoras: 8 mara 8 ni 64, 6 mara 6 ni 36, jumla 100, ambayo ni 10 mara 10. Ndiyo maana dereva hodari haachi breki ghafla anapoingia kona. Huiachia kidogo kidogo kadiri anavyokunja usukani, akihamisha mshiko kutoka kazi moja kwenda nyingine bila kupoteza. Na ndiyo maana yule ambaye amekwisha kutumia 10 zote kwenye kona, akaona gari mbele yake, akakanyaga breki, anaanza kuserereka papo hapo. Alikuwa hana hata senti.

Namba zenyewe ni kali kuliko watu wanavyodhani. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, tairi zuri la barabarani juu ya lami kavu litakushikilia hadi karibu kilomita 80 kwa saa. Ongeza mwendo kwa asilimia 10 tu, uingie na 88, na mshiko unaohitajika unapanda kwa asilimia 21, kwa kuwa mwendo huzidishwa kwa wenyewe. Tairi haliwezi kukukopesha asilimia hizo. Kwa hiyo madereva wa mbio huikata kona kutoka ukingo wa nje, wakaugusa wa ndani, wakatoka tena nje: kona ile ile inakuwa na nusu kipenyo kikubwa zaidi. Nusu kipenyo kikiongezeka mara mbili, mwendo unaoruhusiwa unapanda kwa asilimia 41. Kwenye barabara ya umma hesabu hiyo haina kazi, kwa sababu ukingo wa pili ni wa mwenzako anayekuja.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho: uzito unahama. Ukifunga breki, mbele ya gari inalemewa na nyuma inakuwa nyepesi; ukikanyaga mafuta, kinyume chake. Tairi lililolemewa hushika zaidi, lakini si kwa kiwango kile kile cha uzito ulioongezeka, hivyo kila uzito unapohamia upande mmoja gari zima linapoteza mshiko kidogo. Kosa la kawaida kabisa la mwenye gari la spoti linatoka hapa. Anaingia kona kwa kasi, anashtuka, anaachia mafuta kwa mkupuo. Uzito unakimbilia mbele, magurudumu ya nyuma yanabaki mepesi, na mkia unatoka nje. Silika ilimwambia apunguze mwendo, na silika hiyo ndiyo iliyomzungusha.

Kwenye breki, darasa huwa la kelele. Mwanafunzi anaambiwa akimbize gari hadi kwenye koni, kisha apige breki kwa nguvu zake zote. Wengi hawapigi. Wamezoea breki za kistaarabu za mjini, na pedali inapoanza kutetemeka chini ya mguu wanadhani wameharibu kitu, wanaachia. Mtetemo huo ni wa mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande, ambao Bosch na Mercedes-Benz waliuingiza kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1978. Tairi hushika vizuri zaidi linapoteleza kidogo, kama asilimia 10 hadi 20, kuliko linapozunguka huru au kuganda kabisa, na kompyuta hulitafuta eneo hilo mara nyingi kwa sekunde. Kazi ya dereva ni kukandamiza na kuendelea kuongoza usukani. Kutoka kilomita 100 kwa saa, kwenye lami kavu, gari linaweza kusimama ndani ya mita 40 hivi. Kutoka 200 si mita 80. Ni karibu 160. Na hapo hatujahesabu sekunde moja ya kushtuka, ambayo kwenye kilomita 100 inakula mita 28 kabla mguu haujafika kwenye pedali.

Nguvu yote hiyo inageuka joto. Gari la kilo 1,600 likisimamishwa kutoka kilomita 200 kwa saa hutoa joto la kutosha kuchemsha lita 7 za maji baridi, na uwanjani hilo hurudiwa kila baada ya dakika moja au mbili. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa, na unyevu ukishakuwa mwingi huchemka na kutoa mapovu. Pedali inazama hadi sakafuni na hakuna kinachotokea. Madereva wa malori wanaoteremka mlima Kitonga kule Iringa wanalijua joto hilo la breki bila kulipia ada Nevada. Dawa yao ni gia ndogo na injini kulishika gari.

Halafu uwanja wa utelezi, sehemu ambayo kila mwanafunzi huisimulia akirudi nyumbani. Lami hulowanishwa, au gari huvishwa fremu yenye magurudumu madogo ya pembeni ambayo mkufunzi huyainua na kuyashusha ili kulipunguzia mshiko mbele au nyuma. Pua ikigoma kukata kona, kaza moyo, punguza usukani badala ya kuuongeza, tairi lirudishe mshiko. Mkia ukitoka, geuza usukani kuufuata, tena mapema, kisha uunyooshe mapema zaidi, la sivyo gari litakurusha upande wa pili. Inafurahisha, na baada ya nusu siku mtu anajiona mwalimu.

Tangu mwaka 1995, hata hivyo, yapo magari yanayofanya kazi hiyo yenyewe. Mfumo wa udhibiti wa mwelekeo hulinganisha usukani unakoelekeza na gari linakokwenda kweli, na vikitofautiana hufunga breki ya gurudumu moja tu, lile linalotakiwa. Hakuna binadamu mwenye pedali nne. Taasisi ya makampuni ya bima ya Marekani inayochunguza usalama wa barabara kuu ilikuta mfumo huo ukipunguza ajali za vifo za gari moja peke yake kwa karibu nusu. Sijui somo lolote la udereva linaloweza kutaja nambari kama hiyo.

Masomo ya ufundi, kwa kweli, yana rekodi ya kutia aibu. Mwaka 1974 Allan Williams na Brian O’Neill walichunguza kumbukumbu za barabarani za Wamarekani wenye leseni za mashindano, wakawalinganisha na madereva wa kawaida wa umri na jinsia ile ile. Wenye leseni za mbio walikuwa na ajali nyingi zaidi na makosa mengi zaidi. Norwe iliwalazimisha madereva wapya kusomea barabara za utelezi, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1988 ukakuta vijana wa kiume wakipata ajali zaidi, si pungufu, kwenye barabara hizo hizo. Mapitio ya kimataifa ya tafiti, yaliyofanywa chini ya mtandao wa Cochrane, hayakupata ushahidi kwamba mafunzo baada ya leseni yanapunguza ajali.

Mtu asikimbilie kusema kwamba shule zinaharibu watu. Huenda anayependa kukata leseni ya mbio alikuwa mpenda kasi tangu awali. Lakini yupo mtafiti wa Uswidi, Nils Petter Gregersen, aliyelitenganisha jambo hilo vizuri katika jaribio lililochapishwa mwaka 1996. Aliwagawa madereva wanafunzi makundi mawili na kuwapa kama nusu saa ya mazoezi ya breki na kukwepa kwenye utelezi. Kundi la kwanza lilifundishwa kwa lengo la kumudu zoezi. La pili lilipitishwa kwenye hali hizo hizo ili lione kwamba uwezo wake si wa kutegemewa. Wiki moja baadaye wote walijaribiwa. Wale wa kwanza walijikadiria kuwa hodari zaidi ya wale wa pili. Kwenye lami, ufundi wa makundi yote mawili haukutofautiana.

Ukiyaweka matokeo hayo pembeni ya uchunguzi wa Ola Svenson wa mwaka 1981, ambamo asilimia 93 ya Wamarekani waliohojiwa walijiweka kwenye nusu ya juu ya madereva kwa ustadi, utaona mteja wa shule hizi anafika langoni akiwa na nini tayari. Anachokikosa ni kile walichopewa wale wa kundi la pili, na nusu siku ya lami iliyolowa inaweza kumpa, mkufunzi akiacha kumpongeza kila anapolinyoosha gari. Tatizo ni la kibiashara. Mtu aliyetoka mbali kuja jangwani na gari jipya anataka cheti, picha na muda wake wa mzunguko ulioboreka kuliko wa jana. Kwa mzunguko ambao ulimshinda hadi mwisho, ni vigumu kumtoza fedha.