Kipimo cha damu pekee hakitambui ugonjwa wa utumbo

Mkazi wa Selly Oak, mtaa wa jiji la Birmingham nchini Uingereza, anapoharisha damu kwa wiki kadhaa, humwona kwanza daktari wa mtaa. Uchunguzi zaidi hufanyika hospitalini. Hospitali ya Queen Elizabeth iliyo jirani, iliyofunguliwa mwaka 2010, ndiyo iliyopokea huduma za iliyokuwa Hospitali ya Selly Oak.

Miongoni mwa maradhi yanayoshukiwa ni mawili yanayosababisha uvimbe sugu: ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula, na ule wa vidonda vya utumbo mpana.

Katika damu ya wagonjwa hao huweza kuonekana kingamwili za aina mbili. Ya kwanza, pANCA, hulenga chembe nyeupe za damu za mgonjwa mwenyewe, na huonekana zaidi kwa wenye vidonda vya utumbo mpana. Ya pili, ASCA, hulenga hamira, ileile ya mikate na maandazi, na huonekana zaidi kwa wenye Crohn. Hiyo haina maana kwamba hamira ndiyo chanzo cha ugonjwa.

Hata hivyo, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba ASCA bila ya pANCA ilipatikana kwa wagonjwa wa Crohn wapatao 55 tu katika kila 100.

Kwa watu waliotoka Afrika Mashariki au Asia ya Kusini kuna hatari nyingine. Kifua kikuu nacho huweza kushambulia utumbo na kufanana mno na Crohn, na baadhi ya wagonjwa wake pia huonekana na ASCA. Crohn hutibiwa mara nyingi kwa dawa zinazopunguza kinga ya mwili, kama vile steroidi. Mwenye kifua kikuu akipewa dawa hizo kwa makosa, maradhi yake huweza kusambaa.

Kwa sababu hiyo madaktari hupima choo, huchungulia utumbo kwa kamera, na kukata vipande vidogo vya kuchunguzwa kwa darubini na kutafutwa vijidudu vya kifua kikuu.

Mgonjwa naye amweleze daktari nchi alizoishi, na iwapo yeye au mtu wa nyumbani mwake amewahi kuugua kifua kikuu. Maelezo hayo huweza kubadili vipimo atakavyofanyiwa na dawa atakazopewa.