Waraka Mmoja, Sura Mbili

Tangu mgodi wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, mwaka uliofuata, wafanyabiashara wengi wa kanda ile wamekuwa wakitafuta riziki kwa kuiuzia migodi vyakula, mavazi ya kazi, vipuri na usafiri. Na maadamu kanuni za mwaka 2018 zimewataka wenye migodi wawatangulize wauzaji Watanzania, barua pepe yenye mwaliko wa zabuni ni jambo la kungojewa kwa hamu, toka Katoro hadi Kahama mjini.

Aghalabu barua hiyo huja imetiwa nakshi: nembo juu, jedwali la rangi katikati, na chini kitufe cha kubofya. Nakshi hizo huandikwa kwa HTML, lugha ile ile ijengayo kurasa za intaneti, wala hazina aibu. Aibu ni kuitia siku ya mwisho ya zabuni ndani ya picha, ilhali programu nyingi za barua huzuia picha mpaka mwenyewe aruhusu, na mwenye bando la kubahatisha huona kisanduku kitupu mahali palipopaswa kuwa na tarehe na saa. Kwa asiyeona, ambaye simu humsomea, picha isiyo na maelezo haisemi neno.

Dawa yake si ngeni. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed waliuweka utaratibu uitwao MIME, ambao kwao barua moja hubeba maandishi matupu na yenye nakshi pamoja: matupu hutangulia, yenye nakshi hufuata, na programu ya mpokeaji huchagua sura ya mwisho iwezayo kuionyesha. Uzito wa yale matupu ni kilobaiti chache, na aghalabu nembo peke yake huushinda. Fauka ya hayo, kichujio cha barua taka kama SpamAssassin huitia alama ya shaka barua iliyo na HTML pekee.

Wapo watumaji ambao katika sehemu tupu huandika tu kwamba programu yako haiwezi kuonyesha HTML, wakadhani wametimiza wajibu. Hao afadhali wasingeandika kitu. Lililo zito zaidi ni sura mbili kuhitilafiana, bei ikirekebishwa kwenye jedwali na kusahauliwa kwingine. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imezipa kumbukumbu za namna hii nguvu, na hapo kila upande utashika barua ile ile kwa sura iliyoufaa.

Kwa rai yangu zitumwe zote mbili, na ile tupu iandikwe kwanza, kwa mkono wa mtu. Kiungo kiandikwe kwa urefu wake, msomaji aione anwani kabla ya kubofya, kwani penye dhahabu matapeli hawakosekani. Jedwali livunjwe, kila bidhaa ipate mstari wake: jina, kiasi, mahali pa kupeleka, siku ya mwisho. Ama taarifa ya kwamba ankara imepokewa, au gari lifike getini saa mbili asubuhi, hiyo yatosha maandishi matupu peke yake.