Ukuta wa Matumbawe Haupigwi Saruji

Kibaha tunajenga kwa tofali za saruji, na mafundi wetu ni hodari wa kazi hiyo. Taabu huanza fundi huyo huyo anapoitwa Bagamoyo, ndani ya mkoa wetu huu wa Pwani, akazibe nyufa za nyumba ya Mtaa wa India.

Nyumba kongwe za pale, pamoja na Boma la Wajerumani la mwaka 1897, ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Matumbawe yana vitundu vingi. Hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi. Chokaa haimzuii mgeni huyo: unyevu ulioingia hutoka tena, jua likaukausha. Ukipiga lipu ya saruji, umeufungia njia. Unapanda juu zaidi, hadi kwenye ncha za boriti za mikoko, zikaoza ndani ya ukuta pasipo mtu kuziona. Chumvi nayo hugandamana nyuma ya lipu, na siku lipu inapobanduka huondoka na uso wa jiwe. Mwenye nyumba atadhani fundi alichakachua mchanganyiko, kumbe kosa ni saruji yenyewe.

Dawa ni chokaa iliyochomwa tanuruni, ikazimwa kwa maji, ikaachwa shimoni wiki kadhaa. Huchanganywa na mchanga usio wa baharini, hupigwa tabaka jembamba jembamba na kunyunyiziwa maji, kwa kuwa hukomaa polepole. Fundi wa kulipwa kwa siku ataifurahia. Mwenye nyumba, sina hakika. Juu yake paka chokaa, si rangi ya mafuta.

Wala usitegemee sheria izilinde nyumba hizi zote: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863 tu. Boma lenyewe ni changa kwa kipimo hicho. Majengo ya umri wake huhitaji tangazo la waziri. Naona kipimo hicho kimepitwa na wakati.

Tena, uso wa jengo hausimami peke yake; hutegemea kilicho juu na nyuma yake. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa 1883, ilikuwa katikati ya ukarabati sehemu yake ya mbele ilipoporomoka Desemba 25, 2020, ikaua watu 2. Kwa hiyo, ndugu mwenye nyumba, kabla hujamwita mpaka rangi, panda kwanza ukague paa na mifereji yake.